Hita ya Nélida

Katika jengo letu la mtaa wa Boedo, mlango wa jiko langu haufungwi. Anayeshuka ananisalimia, anayepanda anakaa, na kibuyu cha mate, chai yetu ya majani inayofyonzwa kwa mrija, kinazunguka mkono kwa mkono mpaka majani yapoteze ladha. Kwa hiyo mimi, Zulema wa ghorofa ya nne, nilijua kabla ya wote kwamba Nélida wa ghorofa ya tatu ana hita mpya ya gesi, na kwamba aliyeiunganisha ni shemeji yake Cacho, ambaye kazi yake ni kuuza magodoro.

Msimlaumu Nélida haraka. Mumewe Evaristo alipata kiharusi mwezi wa tano, upande mzima wa kulia ukalala. Daktari alisema aogeshwe maji ya moto kila siku, misuli isije ikakakamaa. Na Julai kwetu ni baridi ya kuingia kwenye mifupa, na hita ya zamani ilikuwa imeshakufa.

Tena alianza vizuri. Alimwita Bagnasco, fundi gesi mwenye leseni. Bagnasco akamweleza: inatakiwa bomba la chuma kutoka ukutani hadi kwenye hita, koki mahali ambapo mkono unafika, na bomba la moshi litoke nje kabisa. Kazi ya nusu siku. Lakini akishamaliza, sheria inamtaka ajaze hewa kwenye mabomba, afunge geji ya kupima presha, aangalie kama mshale unashuka, yaani kama kuna panapovuja. Na mshale ungeshuka tu, kwa sababu mabomba ya jengo letu yamenizidi umri. Ukishuka, anaandika ripoti, kampuni ya gesi inakuja, inafunga koki kuu kule chini na kuitia lakiri. Si kwa Nélida peke yake. Kwa nyumba zote thelathini na mbili.

Jengo la ng'ambo ya barabara lilifungiwa hivyo. Huu ni msimu wao wa pili wa baridi, watu wazima wanatoka na taulo kwapani kwenda kuoga kwa wakwe zao. Ndiyo maana kwetu kuna namba moja ya simu, ile ya kampuni ya gesi, ambayo haipigwi. Ukisikia harufu ya gesi unafungua dirisha, unanyamaza.

Jumanne asubuhi harufu ikapanda hadi bafuni kwangu. Nikashuka. Nikamkuta Cacho amesimama mbele ya hita na kiberiti mkononi, eti anatafuta panapovuja.

"Cacho, weka hicho kiberiti chini kabla hujatupeleka mbinguni na nguo za kulalia."

"Tulia, jirani. Gesi ninaijua."

"Unachojua wewe ni magodoro."

Alikuwa ameunganisha kwa mpira, ule wa kawaida wa jiko la mtungi, na kibano kila upande. Nilichukua brashi ya kunyolea ya Evaristo, nikaichovya kwenye sabuni, nikapaka kwenye maungio. Povu likavimba jicho moja, la pili, kisha shada zima. Cacho akakaza kibano kwa bisibisi. Tukapaka tena. Likavimba upande wa pili.

"Ni kidogo," Nélida akasema. "Na dirisha liko wazi."

"Hata ukimwogesha unaliacha wazi?"

Evaristo alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na baridi ile nani angemvua nguo mbele ya dirisha lililo wazi?

Alasiri jiko langu lilijaa. Watu tisa, viti vitano. Nélida mwenyewe alikaa karibu na friji.

"Lazima tuite kampuni," nikasema.

"Ita," akasema Ofelia wa ghorofa ya saba. "Nina mapacha wa miezi minne. Ukishaita, uje kuwaogesha wewe, na mate yako hayo."

"Evaristo naye," akasema Baldomero wa chini, "ujana wote alikuwa anaoga Jumamosi kwa Jumamosi. Leo ndiyo amekuwa samaki?"

Watu wakacheka. Nélida naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mwisho tukakubaliana Bagnasco aitwe tena, kimyakimya, kama rafiki.

Alikuja Jumatano. Hakuvua hata koti. Alinusa, akautazama mpira, akanyoosha mkono akafunga koki.

"Fungua, fundi," Nélida akamwambia. "Sijamwogesha bado."

"Kufungua siwezi, mama. Na kuunganisha inavyotakiwa siwezi pia bila kupima. Nikiwawekea bomba leo bila geji, kesho msipoamka, jina langu ndilo litakalotajwa polisi."

"Basi nifanye nini?"

Bagnasco alijikuna shingo. Nilimwangalia nikingoja jibu, maana huyu amesomea.

"Sijui, mama," akasema, akaondoka.

Lifti iliyombeba ilikuwa haijafika chini, Cacho, aliyesimama kando, akafungua koki. Nilipanda kwangu. Kupitia tundu la hewa nikasikia hita ikiwaka, maji yakaanza kumwagika, kisha nikasikia dirisha likivutwa, likafungwa, na komeo lake likalia.

Nilipiga ile namba.

Walifika kabla ya saa sita mchana, wanaume wawili na kifaa cha kunusia. Waliwatoa Nélida na mumewe hadi ngazini, Evaristo bado ana povu la sabuni masikioni, kafunikwa blanketi langu. Wakashuka, wakafunga koki kuu, wakatia lakiri. Nilimuuliza yule mkubwa itachukua muda gani. Akasema mabomba yote inabidi yatolewe, na kwamba inategemea.

Hakuna aliyeuliza nani alipiga. Alhamisi mlango wangu ulikuwa wazi na jiko tupu. Ijumaa hivyohivyo. Ofelia alipita na mapacha wake mgongoni na kifuani, akaangalia ukuta.

Jumamosi Nélida aliingia na birika lake la umeme. Hakuketi.

"Lete na lako," akasema.

Tukashuka. Karai la Evaristo linataka mabirika kumi na manne. Tuliyachemsha mawili mawili, kwa sababu tukichomeka la tatu umeme unakatika. Evaristo alingoja amevaa sweta, mikono kapakata. Tulipomimina la mwisho, Nélida alitumbukiza kiwiko ndani ya karai, akakiacha humo kidogo.

"Yameshapoa," akasema.

Tukachemsha mengine, mawili mawili.