Fundo la Ayeeyo Qali

Fowsiya alipoomba kadi aipeleke shuleni, bibi yake, ayeeyo Qali, alimkatalia katakata.

Mwalimu Tuye alikuwa amewaagiza watoto walete vitu vya zamani vinavyosimulia historia ya kwao, maana kitabu cha darasa kiliipa Garissa nusu ukurasa, na hapo picha ya twiga ndiyo iliyotanda. Wenzake walipeleka vibuyu na kengele za ngamia. Bibi yake alikuwa na kadi ya rangi ya waridi ya mwaka themanini na tisa, Wasomali wa Kenya walipotakiwa kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Tangu siku hizo aliifunga kwenye pindo la mtandio, akalala nayo. Kitambulisho halali anacho, kimo sandukuni, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Asubuhi Fowsiya aliondoka amenuna, na Qali hana ubavu wa kushindana na mjukuu aliyenuna. Akajitanda, akamfuata.

"Kadi haiendi bila mimi," alimwambia mwalimu mlangoni.

"Karibu, ayeeyo. Tutaitundika ukutani wiki moja tu."

"Wiki? Kwanza wewe ni nani?"

Tuye, Mborana wa Wajir, akamtajia baba, babu, hadi jina la saba. Watoto wakapiga makofi.

"Hiyo kila mtu naweza kukariri. Hapa nani najua wewe? Leta mtu moja aseme."

Qali akawaeleza kwamba hivyo ndivyo alivyoulizwa yeye na maofisa mwaka ule, na jirani waliyeazimana chumvi miaka kumi akaviangalia viatu vyake. Alikaa uani mwa ofisi yao siku tatu, mama yake Fowsiya mgongoni, mpaka binamu wa baba yake Qali akafika kutoka Eldas na kusema huyu ni wetu.

"Jirani sikuchukia. Aliogoba. Na mimi naogoba mpaka leo."

Tuye akaligeukia darasa. "Nani ananijua mimi?"

Mikono yote ikapanda.

"Na ayeeyo Qali?"

Hakuna mkono ulioshuka. Guled, ambaye Qali alimfukuza juzi tu kwa kuwasumbua mbuzi wake, alinyoosha miwili.

Qali alilia mbele yao wala hakuona haya, kwa kuwa alikuwa na furaha. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Fowsiya akaipokea kadi kwa mikono miwili.

Akirudi mtaani kwake Iftin, mkono ulikwenda pindoni kwa mazoea, ukakuta kitambaa kitupu. Alitaka kugeuka arudi mbio.

"Ayeeyo Qali!" aliita Weris, muuza maziwa. "Mbona umesimama juani?"

"Wewe najua mimi?"

"Wallahi, nani hakujui?"

Qali akaliachia pindo, akaagiza maziwa ya ngamia, kikombe kikubwa.