Diski ya Mwanambuzi

Shemeji yangu Gidioni ni mtu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ukishasikia alichofanya utamchukia, na mimi mwenyewe nilimchukia, Mungu anisamehe.

Mume wangu Bright, kaka yake, alikuwa mtafsiri wa filamu hapa Bwera, mpakani. Alikaa kwenye kibanda cha video na maikrofoni yake, filamu ya Wazungu inaenda, yeye anaisemea kwa Kiswahili ili sisi na Wakongo wanaovuka siku ya soko tuelewe. Na kutia chumvi, wee! Jambazi wa Amerika utamsikia anaulizia bodaboda ya kwenda Kinyamaseke. Watu wanacheka mpaka wanaanguka kwenye mabenchi. Namwambia, "Bright, muongo wewe, yule mutu hakusema hivyo." Ananijibu, "Alitaka kusema, Loyi. Ni Kiingereza ilimzuia."

Binti yetu Shallon alipozaliwa, Bright alichukua katuni moja ya zamani, ile ya mwanambuzi anayepotea mlimani na baba yake anamtafuta kwenye mvua, akairekodi upya kwa sauti yake. Akawasema wote: mwanambuzi, baba mbuzi, chui, mpaka mto. Mlima akauita Bwesumbu, kama milima yetu ya huku. Akaichoma kwenye diski, akaandika juu kwa kalamu nyeusi, SHALLON. Kompyuta ya kibanda ikaibwa baadaye, ikabaki ile diski peke yake.

Kisha ini likamwondoa, mtoto hajafikisha hata miaka miwili. Simu yake ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo sauti ya Bright hapa duniani ilikuwa kwenye ile diski na si kwingine. Shallon sura ya baba yake haikumbuki, lakini sauti alikuwa nayo kila siku baada ya uji. Anakaa chini mbele ya televisheni na kusema, "Baba ameanza."

Diski ikachakaa. Pale mwanambuzi amekwama kwenye jabali na baba mbuzi anapiga kelele kutoka chini, "Usisogee, mwanangu! Baba nakuja!", ilikuwa inakwama. Nakuja, nakuja, nakuja, mpaka nigonge deki kwa kiganja ndipo iendelee. Shallon alishazoea. Ikifika pale ananigeukia, nami nagonga.

Gidioni anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti huko Kasese. Pasaka ya mwaka 2014 alikuja kutusalimia, akaona mambo ya kugongagonga, moyo ukamuuma. Hakuniambia kitu. Alipokuwa anaondoka, mimi niko sokoni na vitenge vyangu, akaitia ile diski mfukoni.

Wiki nzima mimi na Shallon tuliitafuta mpaka chini ya kitanda. Jumapili iliyofuata akarudi anacheka, meno yote nje. Mkononi ana kasha linalong'aa, mwanambuzi amechorwa juu.

"Shemeji, wenyewe waliitengeneza upya! Waliisafisha, rangi zote, mikwaruzo yote. Mwenye duka aliniambia niache ile mbovu, anipunguzie bei."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tulikaa wote watatu, tumetoka kanisani, Shallon bado na gauni lake. Picha ikatokea, jamani! Sikujua kama ule mlima una maua. Sikujua kama mwanambuzi ana macho ya kahawia. Kisha akafungua mdomo, akatoka mwanamke wa Kizungu.

Shallon alicheka kwanza. Akangoja. Akanitazama.

"Mama, Baba iko wapi?"

Nikanyakua rimoti. Nikatafuta kwenye lugha. Kiingereza iko, Kifaransa iko, Kihispania iko. Bright hayuko. Mtoto akaenda kuangalia nyuma ya televisheni, na Gidioni akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilifikiri walimsafisha na yeye," akasema. "Shemeji, haki ya Mungu, nilifikiri tutamsikia vizuri."

Yeye pia filamu ile hakuwahi kuisikia kwa mdomo mwingine. Lakini siku ile sikutaka kuelewa. Nilimfukuza nyumbani kwangu kama mwizi.

Kesho yake nikapanda gari la Kasese. Mwenye duka akanitazama kama namuuliza maganda ya ndizi. "Mama, zile mbovu nawapa wakulima. Wanafukuzia ndege." Wakulima gani? Akasema, Kitswamba, mama mmoja anaitwa Anastasie, ana mtama.

Nilifika jua kali. Shamba zima linametameta, diski zimefungwa kwenye kamba, zinazunguka na upepo. Niliingia kwenye mtama wa watu bila hodi, nageuza moja moja, mwenye shamba ananipigia kelele. Nikaiona. SHALLON, herufi zimefifia. Ilikuwa imepasuka kutoka tundu la katikati mpaka ukingoni.

Anastasie alipofika na jembe lake alinikuta nimekaa chini. Aliifungua ile diski kwenye kamba, akaipangusa kwa kitenge chake, akanipa. "Pole, dada."

Deki ilijaribu. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikaandika kwamba hakuna diski. Gidioni akanipigia simu kuomba msamaha, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hiyo methali akaipelekee simenti yake, nikakata. Kisha nililia mpaka sauti ikakauka.

Wiki ikapita. Jumapili nikiwa namenya matoke, Shallon akaweka ile diski mpya mwenyewe. Akazima sauti. Akachukua mwiko, akaushika karibu na mdomo, akaanza.

Alijua yote. Chui kwa sauti nene, mto kwa sauti ya kukoroma, Bwesumbu, na kile kicheko cha Bright cha puani. Mtoto wa miaka mitano! Niliacha kisu.

Akafika kwenye jabali.

"Usisogee, mwanangu! Baba nakuja, nakuja, nakuja, nakuja..."

Kwenye televisheni baba mbuzi alishapanda, alishamfikia mwanawe, walishashuka mlima wote wawili. Shallon bado yuko palepale. Amenigeukia, mwiko mdomoni, ananingoja nigonge.

Nilinyoosha mkono mpaka juu ya deki. Sikugonga. Nilitaka aendelee kusema anakuja.