Msichana Aliyebaki Gizani

Hakuwa na meza ya kuandikia. Hakuwa na mtoto wa kumsomea, wala mume wa kumwuliza kutwa anaandika nini. Hakuwa na shahada, hakuwa na mjomba wala shemeji katika nyumba za uchapishaji, na zaidi ya yote hakuwa na moyo wa kuambiwa hapana. Alichokuwa nacho ni vidole vyepesi vya kusuka, na droo ya saluni iliyojaa vitabu vya watoto vilivyochakaa majalada. Alivisoma mwenyewe, akicheka peke yake, mpaka wateja wakambandika jina la Bi Vitabu.

Bahasha ya mchapishaji ilipofika, aliiweka chini ya kopo la mafuta ya nywele, akasuka kichwa kizima kabla ya kuigusa. Bahasha za namna ile alizijua. Zilianza na "Tunasikitika", na kila moja ilimwondolea hamu ya kula. Hii aliiogopa zaidi, kwa sababu mchapishaji huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Wengine wote walishamkataa.

"Fungua basi," alisema wifi yake, mke wa kaka yake na mwenye saluni. "Karatasi haing'ati."

"Hii inang'ata, wifi."

Haikuanza na "Tunasikitika". Mhariri aliandika kwamba hadithi ni nzuri, lakini ile sehemu ya msichana kufungiwa katika chumba chenye giza, huku kitu kikipumua pembeni, itawatisha watoto. Aiondoe, ndipo aurudishe mswada. Asipoiondoa, hawataweza kuendelea naye.

"Si umepata!" wifi akapiga makofi. "Toa giza, tia maua, yaishe. Mwenye nguvu mpishe."

Bi Vitabu akakubali kwa mdomo, roho ikagoma.

Alasiri ile nesi wa jirani alimleta binti yake kusukwa. Mtoto alikuwa na machozi ya karibu. Ukimgusa tu penye sikio, kilio. Bi Vitabu akamwanzia hadithi, ile ile yenye giza, kama anayeiaga. Mtoto akatulia tuli, akalishika goti la msusi, chanuo likapita asilisikie. Msichana wa hadithi aliingia chumbani kumtafuta mdogo wake. Mlango ukajifunga nyuma yake. Gizani kitu kikapumua. Hapo hapo msuko wa mwisho ukaisha, na nesi akawa amesimama mlangoni na haraka zake za kuwahi zamu.

"Tutamalizia siku nyingine, mama," Bi Vitabu akamwambia mtoto.

Asubuhi nesi akarudi, mtoto mkononi, macho yamemwiva.

"Dada, umemfanya nini mwanangu? Natoka kazini nakuta nyumba nzima imekesha! Eti kuna kitu kinapumua. Bibi yake naye sasa anakisikia!"

Bi Vitabu akaweka chanuo chini. Kumbe mhariri alisema kweli. Alikuwa amemtia mtoto wa watu hofu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nisamehe, dada. Hadithi hiyo naitupa leo leo."

Mtoto akachungulia kutoka nyuma ya gauni la mama yake. "Shangazi, alitoka?"

"Alitoka, mama. Mlango ulifunguka, akatoka."

"Nani aliufungua?"

"Ulifunguka tu wenyewe."

Mtoto akafikiri, midomo ikimcheza. "Hapana," akasema. "Bado yumo."

Bi Vitabu alisisimka mwili. Hata kwenye mswada alikuwa ameandika hivyo hivyo, mlango ukafunguka, sentensi moja, basi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliogopa kukaa mle ndani. Alikuwa amemwingiza msichana gizani, kisha akakimbia.

Akapiga magoti mbele ya mtoto. Akasema polepole kwamba msichana alinyoosha mkono, akaupata ukuta. Alikuwa akitetemeka. Akaufuata kuelekea kule kule kilikopumua kile kitu, maana hakukuwa na kwingine, mpaka vidole vikagusa kisogo cha mdogo wake, amelala fofofo. Akamwamsha. Wakapapasa pamoja hadi kwenye komeo, wakalivuta.

"Lilikuwa zito?"

"Zito hasa. Wote wawili walilivuta."

Mtoto akashusha pumzi, akamgeukia mama yake. "Sasa ametoka."

"Haya," nesi akasema, hasira zikianza kumpoa. "Basi na sisi tukalale."

Bi Vitabu aliandika juma zima, kati ya kichwa na kichwa, mswada mapajani. Wifi alipoisoma barua ya kuusindikiza, alishika kiuno.

"Wamekwambia utoe giza, wewe umeongeza kurasa? Hawa wakikukataa huna pengine, unajua?"

"Najua."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana, wifi."

Barua ilikuwa fupi. *Giza sikuliondoa. Nimeandika njia ya kutokea, ambayo mwanzo sikuiandika. Mkiona bado haifai, nirudishieni.*

Alitaka kuilamba bahasha, mate yakawa yamemkauka. Akachovya kidole kwenye bakuli la maji, akapitisha kwenye gundi, akaibana kwa viganja vyote viwili. Posta, karani aliivuta mara mbili ndipo Bi Vitabu akaiachia. Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye gunia pamoja na nyingine.