Kitabu Kilichopasuliwa Katikati

"Shemeji, kitabu chako kitanivunjia nyumba!" msusi alifoka mlangoni pake. "Mume wangu anauza cherehani yake. Eti mashine zenye akili zitatunyang'anya kazi zote!"

"Mbona mimi nimesoma kwamba hazitaweza?" fundi redio alishangaa.

Fundi alikisikia kitabu hicho kikisifiwa redioni, akakinunua, kisha yeye na mume wa msusi, mshonaji, wakakipasua ili wasome pamoja: mwanzo kwa mshonaji, mwisho kwa fundi.

"Sasa nani kadanganywa?" msusi aliuliza.

Kichwa kilimzunguka fundi kama feni. Hata yeye hakujua tena anaamini nini.

Mshonaji akachungulia, macho mekundu kwa kusoma. "Mke wangu, mnunuzi wa cherehani mwambie asubiri kwanza, hadi nisome na ule mwisho. Nawe jirani, mbona unasimama kama mgeni? Ingia tule."