Oda ya Bwana Nyangwine

Wegesa alipomaliza chuo cha ufundi, baba yake alimuuliza ni mwanaume gani atakayeoa mwanamke mwenye makovu ya moto mikononi. Alikaa nyumbani Susuni karibu mwaka mzima akipalilia mahindi, kwa sababu kila karakana aliyoingia pale Tarime mjini walimcheka, au walimwambia nafasi iliyopo ni ya kufagia na kuchemsha chai.

Aliyemtoa huko alikuwa Mwalimu Winfrida, aliyemfundisha kuchomelea. Mwalimu alikuwa na mradi mdogo wa kuwapatia vijana waliohitimu vifaa na mahali pa kuanzia kazi. Alimuunganisha na Stanslaus, kijana wa Ikoma aliyesoma naye darasa moja, akawatafutia kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo geti la hifadhi. Akawapa mashine ya kuchomelea, grainda ya kukatia vyuma na klempu za kubania.

“Huku kuna hoteli za watalii,” aliwaambia. “Vitanda, mageti, viti vya bustanini, vyote vinataka fundi. Fanyeni kazi safi, watu watawatafuta wenyewe.”

Walifanya kazi safi, lakini hakuna aliyewatafuta. Hoteli zilikuwa na mafundi wao kutoka Arusha. Kazi ya kijijini ilikuwa bawaba ya mlango leo, baiskeli iliyovunjika wiki ijayo. Mchana kutwa walikaa kwenye benchi wakitazama magari ya watalii yakipita bila kupunguza mwendo. Mtu pekee aliyefika kila siku alikuwa Kezia, jirani yao, mama wa makamo aliyewaletea uji kwenye chupa ya chai na kuwauliza kama wamepata chochote.

Ndipo akaja Bwana Nyangwine.

Alikuja na pikapu nyeupe iliyobeba springi kuukuu za malori. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya watu wa mpakani Sirari. Walimkaribisha kiti akakataa. Alisimama mahali ambapo angeweza kuiona barabara pande zote mbili. Alichotaka hakukiandika popote. Alikichora chini kwa kijiti, akawauliza kama wameelewa, halafu akafuta kwa kiatu.

“Hivi ni vipande vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe,” alisema. “Mnitengenezee vipande tu. Kuunganisha nina mtu wangu.”

Vilikuwa vyuma viwili vilivyopinda kama upinde, vyenye meno, pamoja na springi za kukunja na kitako cha bapa. Walivitengeneza vizuri. Bwana Nyangwine alivikagua kimoja kimoja, akalipa papo hapo, akaagiza vingine. Safari ya tatu Stanslaus alikuwa ameshanunua viatu vya kazi, na Wegesa alikuwa ametuma mabati nyumbani Susuni. Baba yake alipiga simu kushukuru. Hakutaja makovu.

Siku moja, wakisubiri pikapu, Wegesa aliunganisha vipande mwenyewe. Alitaka kujua majani yanapita wapi. Alipokwisha kubana springi, kitu kililala chini kimefunguka, kipana kama sinia. Alikigusa katikati kwa mpini wa ufagio. Kikaruka, kikafunga. Mpini ulikatika vipande viwili.

Stanslaus aliacha kazi aliyokuwa akiifanya. Wote wawili walikitazama.

“Ni mtego,” Wegesa alisema.

“Basi ni wa fisi. Fisi wanamaliza mbuzi za watu.”

“Kwa nini asiseme ni wa fisi?”

“Wegesa, tukimuuliza atakwenda kwa fundi mwingine. Halafu turudi kwenye bawaba?”

Hakuuliza. Pikapu ilipofika, alipakia vyuma pamoja na Stanslaus, na Bwana Nyangwine akawaaga kwa adabu kama siku zote.

Mvua zilipoanza, nyasi zikarefuka. Asubuhi moja Wegesa alikuwa akinyoosha nondo aliposikia kelele zikija kutoka upande wa malisho. Watu wengi walikuwa wakikimbia wakisindikiza bodaboda. Katikati, kati ya dereva na kijana aliyemshika kwa nyuma, alikuwa amekaa Waitara, mume wa Kezia. Alikuwa amekwenda kuchunga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umening'inia, na chini ya goti ulikuwa umebanwa na chuma.

“Zahanati wameshindwa kukitoa!” dereva alipiga kelele. “Wamesema tuje kwenu mkate!”

Walimlaza Waitara kwenye benchi. Kezia alifika nyuma yao bila viatu, akashika kichwa cha mumewe. Mtu mmoja aliingiza mtaimbo kati ya meno ya chuma, akaukandamiza. Chuma kilisogea kidogo kikarudi kwa nguvu, na Waitara akatoa sauti ambayo Wegesa hakuwahi kuisikia kwa mtu.

Stanslaus alichukua grainda, akaisogeza kwenye benchi.

“Weka chini,” Wegesa alimwambia. “Itamchoma. Lete klempu mbili.”

Aliwasogeza watu. Alifunga klempu ya kwanza kwenye springi ya kushoto, ya pili kwenye springi ya kulia, akazikaza zote mbili pole pole, zamu kwa zamu, bila kuutazama uso wa mgonjwa. Springi zililala. Alishika zile taya mbili kwa vidole, akazifungua kama mtu anayefungua kitabu. Mguu ukatoka.

Watu walishusha pumzi. Wakamfunga Waitara kwa kanga ya Kezia na kumrudisha kwenye bodaboda. Kezia hakuondoka mara moja. Alisimama akimtazama Wegesa.

“Watu wazima wote wamehangaika tangu alfajiri,” alisema kwa sauti ndogo. “Wewe umekifungua kama mlango wa kwako. Umejuaje, mwanangu?”

Wegesa aliinama kuokota klempu zake. Kezia alimwangalia, akaangalia rundo la springi za malori pembeni mwa kibanda, kisha akageuka akakimbilia bodaboda.

Kesho yake habari zilifika kwamba Waitara amekatwa mguu. Zilifika pamoja na pikapu nyeupe.

Bwana Nyangwine alishuka, akasimama mahali pake pa kuiona barabara. “Nasikia jana mlimsaidia jirani,” alisema. “Mmefanya vyema.”

“Mzee, mitego ile uliitega wapi?” Wegesa aliuliza.

“Mitego ipi?” Alitabasamu. “Binti, mimi sijui hata kushika grainda. Waliotengeneza ni ninyi. Mtu akiuliza, ataangalia mikono ya nani?” Akamgeukia Stanslaus, akamwita kama wanavyoitwa vijana kwa Kikurya. “Mura, nyinyi ni watoto wazuri. Mmepata kazi na mnasaidia kwenu. Ijumaa nakuja kuchukua oda yangu.”

Alipoondoka, Stanslaus alianza kukata vyuma.

“Unafanya nini?”

“Tumalizie hii ya mwisho. Halafu tunahama, tunakwenda mbali.”

“Na mitego iliyoko kwenye nyasi?”

Stanslaus aliinamia chuma. Grainda ilikuwa inalia, lakini Wegesa alijua amesikia.

Alitoka nje akampigia simu Mwalimu Winfrida, akamweleza yote, na ule mpini wa ufagio pia.

“Nina vijana wengine kwenye mradi huu,” Mwalimu alisema. “Wengine wameanza kazi mwezi huu. Unajua watu watasema nini juu yao?”

“Najua, Mwalimu.”

“Usiguse kitu hapo. Nakuja. Tutakwenda wote kwa askari.”

Walikwenda siku ileile. Wegesa alieleza mbele ya polisi na askari wa wanyamapori, Mwalimu akiwa ameketi kando yake. Waliporudi kibandani na polisi, grainda ilikuwa mezani, bado ina joto, na Stanslaus hakuwepo. Muuza duka wa jirani alisema alimwona akipanda pikapu nyeupe. Polisi wakamuuliza kama alipanda mwenyewe. Kulikuwa na wanaume wawili, alisema, na Stanslaus alikaa katikati.

Simu yake haikupatikana tena. Mama yake alikuja kibandani, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli la polisi, akakaa kwenye benchi lile alilolazwa Waitara mpaka jioni.

Wegesa hakufungwa. Aliambiwa aripoti polisi kila wiki. Akaombwa pia aende kuitoa mitego malishoni, kwa sababu askari walikuwa na nguvu lakini hawakuwa na namna ya kuifungua mitego bila kuumia. Akakubali kabla hawajamaliza kuomba. Kabla hajaanza, alikwenda kwa Kezia. Alimwamkia shikamoo mlangoni, akaanza kusema alichokuja kusema. Kezia alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nenda ukaitoe,” alisema. “Yote. Ndipo urudi hapa tuongee.”

Tangu hapo Wegesa alitembea na askari kwenye malisho na vichaka vya pembeni mwa hifadhi. Walijipanga mstari, kila mmoja akipapasa mbele kwa fimbo ndefu kabla ya kuweka mguu. Fimbo ilipokatika, wote walisimama, naye alikuja na klempu zake. Mitego mingine ilikuwa na kutu na haina kitu. Mmoja ulikuwa na mguu wa nyumbu peke yake. Wachungaji walikuwa wameacha kuja huku. Njia za ng'ombe zilianza kuota majani.

Asubuhi moja, karibu na korongo, fimbo ya askari wa mbele ilipasuka. Wegesa alipiga magoti, akafunga klempu, akafungua taya, kisha akaugeuza mtego ili auweke kwenye gunia. Akauangalia tena.

Haukuwa na kutu hata kidogo. Mahali pa kuchomelea palikuwa bado na rangi ya buluu, kama chuma kilichotoka motoni juzi, na ule mshono mwembamba, uliolala upande wa kushoto, aliufahamu. Alikuwa ameuona kila siku kwenye meza ya pili ya kibanda chao.

“Vipi?” askari aliuliza.

“Huu si wa zamani,” Wegesa alisema. “Umetengenezwa baada ya kibanda kufungwa. Ni kazi ya Stanslaus.”

“Una hakika?”

“Yuko hai. Wanamfanyisha kazi mahali fulani, na wanaendelea kutega.”

Askari aliyatazama majani yaliyofika kiunoni, mpaka kule yalikoishia kwenye miti. Kisha akainua mkono na kuwaambia wenzake, kwa sauti ya chini, wasimame palepale walipo, mtu asinyanyue mguu.