Rili Isiyoshika Kutu

Bahari sijawahi kuiona hata siku moja, lakini mashine ya kuvulia samaki wa baharini nimewahi kuichagua, na niliichagua vizuri kuliko mwanamume yeyote wa Turbo. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mume wangu ni Walubengo. Tangu kabla ya uhuru alikuwa kuli wa bandarini Mombasa, na wenzake wa huko ndio waliomfundisha kuvua siku za Jumapili. Mimi nilibaki huku juu na watoto, nikifanya kibarua kwa mzungu. Mzungu huyo alipofunga virago, sisi wafanyakazi na majirani tulichanga, tukaunda kampuni, tukalinunua shamba lake. Hisa yetu niliilipa mimi kwa maziwa na sukuma wiki nilivyopakia kwenye malori hadi Eldoret, mji ambao mama yangu alikufa akiuita Sisibo, jina lake la zamani. Walubengo alituma kidogo, sikatai. Tukagawiwa ekari sita. Jina lililoandikwa lilikuwa lake, kwa sababu kamati ya kampuni haikuandika wanawake. Niliona ni jambo dogo. Nilikuwa mjinga.

Bandari ilipompunguza kazi alirudi nyumbani, akapalilia msimu mmoja. Alikuwa anasimama katikati ya mahindi na jembe mkononi, anaangalia mbali kama mtu aliyesahau kitu mahali. Halafu akatangaza kwamba anarudi pwani kuwa mvuvi. Si wa nyavu, la, yeye ni wa fimbo na rili. Rili ni kile kigurudumu chenye mkono kinachofungwa kwenye fimbo. Ukizungusha, uzi unarudi na samaki wake. Kwanza nilidhani kuna mwanamke mwingine. Heri angekuwepo. Mwanamke humchoka mtu, akamrudisha.

Rili ya kwanza ilimalizwa na chumvi kabla ya mwaka kwisha. Akarudi, akauza ekari moja kwa Mwalimu Zachariah, jirani tuliyepakana naye, akanunua rili nyingine, na pesa zilizobaki anajua mwenyewe zilikokwenda. Ya pili ikavunjika meno ya ndani. Ekari nyingine ikaenda kwa Zachariah. Mimi huku napalilia, na ua wa Zachariah unanisogelea. Ndipo nikaelewa kwamba bahari inalila shamba langu, na mdomo wake ni kile kigurudumu.

Aliporudi mara ya tatu, rili imeganda ndani ya gunia, nilimpikia, nikangoja ashibe.

"Baba Murunga, usiuze," nikamwambia. "Hiyo mashine nitakununulia mimi."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Unajua nini na rili?"

"Niambie tu vile unavua. Hiyo ingine niachie mimi."

Akaeleza, na uso wake ukawa wa kijana niliyeolewa naye. Alisema hatupi uzi mbali. Anauteremsha moja kwa moja chini ya chombo, na kipande kizito cha risasi, mpaka ukae juu ya mawe kwenye sakafu ya bahari. Huko ndiko wanakokaa samaki wake, changu na chewa. Chewa akishika ndoana anakimbilia pangoni, na usipomtoa kwa nguvu wakati huo huo, umempoteza yeye na uzi wako. Alisema haya yote bila kuniuliza mara moja ng'ombe wanaendeleaje. Roho iliniuma, lakini masikio niliyafungua.

Nilimuuza mtamba wangu, Sifa, aliyekuwa karibu kupandwa. Nililia njiani kurudi kutoka mnadani, nikajipangusa, nikaenda Eldoret peke yangu. Walubengo nilimkataza asije. Nilimjua; angependa inayong'aa.

Duka la zana la Bwana Lalji nililijua kwa majembe. Kwenye rafu ya nyuma alikuwa na vitu vya kuvulia ambavyo wazungu walizoea kununua wakienda likizo pwani, na vingine walivyomwachia walipohama.

"Mama Murunga, leo ni jembe?"

"Leo nataka rili. Ya maji ya chumvi, na isiharibike."

Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Nikaitoa guniani ile iliyokufa, nikaiweka juu ya kaunta. Akachukua bisibisi, akaifungua tumbo.

"Unaona meno yake? Hii ni madini laini tu, wamepaka rangi ya fedha. Chumvi imeingia, imemaliza."

"Basi nionyeshe yenye haina uongo."

Akaniwekea tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, inameta kama sahani za Krismasi, na alisema inatupa uzi mbali sana. Nikamwambia mwenye kuvua hatupi mbali, anainua mzigo kutoka chini. Ya pili ilikuwa kubwa, ya rangi ya dhahabu, ya kuvulia wale samaki wanaopigwa picha na watalii. Bei yake ingemmeza Sifa na mama yake. Ya tatu ilikuwa nyeusi, pana, ina mikwaruzo. Mzungu mmoja wa Kapseret aliiacha alipouza shamba.

Kwa yule mzungu wetu nilizungusha mashine ya kutenga krimu miaka mingi. Mkono wangu unajua meno yaliyochoka na meno mazima. Nikafumba macho, nikazizungusha moja moja. Ile inayong'aa ilikuwa nyepesi, tamu, lakini Lalji alipoushika uzi na mimi nikavuta, niliusikia mkono wa rili ukitetemeka kwa ndani. Ile nyeusi ilivuta polepole, haikutetemeka.

"Uko na sumaku?" nikamwuliza.

Alikuwa nayo, ya kuokotea misumari sakafuni. Ile inayong'aa ikaikumbatia sumaku kama bibi harusi. Chuma kitupu chini ya urembo. Ile nyeusi haikushikwa, ila kwa skrubu moja tu.

"Shaba," Lalji akasema. "Meno, ekseli, yote ni shaba. Hiyo skrubu moja nitakubadilishia."

"Na spea?"

"Meno ya akiba nitakupa, na kopo ya grisi. Lakini mwambie bwana, kila akitoka baharini aoshe na maji ya kawaida, akaushe, apake. Akifanya hivyo, Mama, hii kitu itamzika."

Hapo nikatoa pesa. Kuosha chombo baada ya kazi, hilo hata mimi ningemfundisha. Na nataka ieleweke: sikuwa nanunua zawadi. Nilikuwa nanunua kufuli. Rili isiyoharibika ni mume asiyerudi kuuza, na ekari nne zilizobaki ni za Murunga na wadogo zake. Kama bei ya ekari nne ni kukaa bila mume, wanawake wangapi hapa Turbo wanakaa bila mume na ekari pia hawana?

Walubengo aliipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha, akaniangalia, akanishika bega kwa namna ambayo hakuwa amenishika kwa miaka. Akaondoka kesho yake.

Miaka miwili ilipita na ua wa Zachariah ukakaa pale pale. Nilivuna mahindi mpaka nikaazima magunia. Nilipanda miti ya mikaratusi kwenye mpaka, mtu aone haya kuuvuka. Nilikuwa na raha, na sioni aibu kuisema.

Kisha akarudi. Nilimwona akishuka barabarani, amenenepa, shati jipya, fimbo begani, na kwenye fimbo ile nyeusi, safi kabisa. Kama imepona, anarudia nini?

"Nangila," akaniambia, akaniita jina langu la usichana. "Hii mashine yako imenifungua macho. Navua chewa mpaka hoteli wananingoja ufukweni. Lakini kila siku ni mashua ya kukodi, nusu ya samaki inaenda kwa mwenye mashua. Nataka yangu."

"Yako na nini?"

"Zachariah atachukua zote nne."

Sikupiga kelele. Nilijua kitu kimoja ambacho yeye hakukijua. Mwaka uliotangulia, yeye akiwa pwani, mama mmoja wa kampuni yetu alitoka hospitali kujifungua, akakuta nyumba yake imeuzwa. Wanawake tulikwenda kukaa mlangoni kwa kamati na watoto wetu mgongoni, hatukuondoka mpaka walipokubali sheria mpya: hakuna shamba linalouzwa kabla ya mke kuulizwa mbele ya watu. Nililala usingizi mzuri mpaka siku ya kikao.

Kamati ilikaa katika stoo ya zamani ya maziwa ya mzungu. Zachariah alikuwa karibu na mlango, kofia magotini. Mwenyekiti, Mzee Kimutai, alikuwa mtu wa haki, na mpaka leo sisemi vingine.

"Mama Murunga," akaniuliza, "bwana yako anataka kuuza. Wewe unakubali?"

"Sikubali, Mzee. Hata mguu mmoja wa udongo sikubali."

Wazee wakanong'ona. Nikaona wengine wanatikisa kichwa kumpinga Walubengo, na moyo wangu ukatulia. Ndipo aliposimama, akaifungua ile rili kutoka kwenye fimbo, akaiweka mezani.

"Wazee, muulizeni hii ilitoka wapi."

Mzee Kimutai akanigeukia. "Ilitoka wapi, Mama?"

"Nilinunua mimi."

"Kwa pesa yako?"

"Niliuza mtamba."

Wakaipitisha mkono kwa mkono. Kila mzee aliuzungusha mkono wa rili, akasikiliza, akasifu. Mmoja aliuliza kama ni shaba. Nikamjibu kwamba ni shaba tupu, Mungu anisamehe. Hata pale, sauti yangu ilikuwa na maringo.

"Sasa mimi sielewi," akasema Mzee Kimutai, na kweli alikuwa haelewi. "Wewe mwenyewe ndiye ulimpatia bwana hii kazi. Ukauza ng'ombe. Ukachagua chombo kizuri namna hii. Leo kazi imekubali, anataka kuipanua, unasema hapana?"

"Mzee, nilinunua ndio asiuze. Nilinunua ndio asirudi hapa."

Niliyasikia maneno yangu yakitua mezani, na nilijua nimejimaliza.

"Asirudi kwake?" akauliza mzee mmoja. "Kwa hivyo ulikuwa unamfukuza?"

Ningejibu nini? Nikisema nilimpeleka kazini kama mke mwema, nimekubali safari yake na kila inachotaka. Nikisema nilimfukuza, basi mimi si mke, na asiye mke sheria yetu mpya haimwulizi kitu. Nilimtazama Walubengo. Alikuwa anaifuta rili kwa pindo la shati, alama za vidole vya wazee zisibaki.

Wakapiga muhuri, shamba likauzwa. Zachariah alinipa mkono akitoka. Nilimpa kwa sababu watu walikuwa wanaona.

Sasa napanga chumba hapa sokoni Turbo. Msimu wa palizi Zachariah huniajiri, maana anasema hakuna anayeujua udongo ule kama mimi. Anasema kwa heshima. Namlimia mahindi chini ya mikaratusi yangu, nachukua ujira, nauchukia kila senti.

Mashua ilipasuka kwenye mawe mwaka wake wa pili. Walubengo aliogelea, fimbo mkononi. Juzi amekuja, amekonda, akaketi kwenye kitanda changu kwa sababu kiti kimoja nilichonacho nimekikalia. Ameniuliza kama sina mtamba mwingine.

Nikanyosha mkono, nikaichukua ile rili kutoka mapajani mwake, nikafumba macho, nikaizungusha. Haikukwama, haikutetemeka. Kila siku, baba wa watu, ameiosha na maji ya kawaida na kuipaka grisi, kama nilivyomwagiza. Nilikuwa nimechagua vizuri sana.