Gari la Kwenda Kimali

Mwaka ule magari yaliyotumika yalianza kuingia Bariadi kama mitumba, nami nikataka la dizeli, lenye nyuma ndefu. Kila msimu wa pamba familia nzima huhamia shambani Kimali na kulala huko wiki kadhaa, na nilikuwa nimechoka kupanda lori na masufuria.

Dalali aliisifu injini mpaka akanikera. Mke wangu, Anyesi, alikagua matairi. Mama yangu, Milembe, alivua kandambili, akafungua mlango wa nyuma, akapanda, akalala chali, mikono kifuani.

“Mayu, shuka! Watu wanatutazama,” nikafoka.

“Funga mlango kwanza, ng'wanawane, tuone kama miguu inatosha.”

Hapo nikaelewa. Tulipompeleka baba Kimali kumzika, tulimpakia kwenye lori la pamba, tukamfunga kamba kama mzigo asirushwe na mashimo. Mama alimshika kichwa njia nzima.

Nikaushusha mlango taratibu, ukafunga bila kugusa nyayo zake.

“Chukua hili,” akasema kutoka ndani.